Majibu ya Hoja Namba Saba

Mkaguzi ameandika kwa wino mwekundu:
"Eleza kinachosukuma matumizi ya Halmashauri."
Ameniachia mistari minne.
Ndugu mkaguzi, niwie radhi, nitavuka mstari.

Anzia getini, hapo Kibaigwa,
kamba ya katani, pipa la lami lililotoboka,
na Ndahani, mashine ya risiti ikining'inia shingoni.
Gunia la alizeti likipita
tunachovya kidole: asilimia tatu.
Hatuna kisima cha mafuta chini ya ardhi.
Chetu kinasimama shambani kwa mguu mmoja,
kinageuza uso kulifuata jua,
nasi tunageuza uso kukifuata.

Ukaja mwaka ule.
Meli zilikwama huko zilikokwama,
ndoo ya lita ishirini ikapanda
hadi wake zetu wakaunga mlenda kwa karanga
na kusema ndivyo walivyopenda tangu zamani.
Malori yakapanga foleni.
Ndahani akamaliza karatasi za risiti kabla ya adhuhuri.
Na sisi, ofisini,
tukagundua kwamba tuna mahitaji.

Jana yake hatukuwa nayo.
Ghorofa ya pili. Gari lenye winchi mbele,
katika wilaya isiyo na tope miezi minane.
Walinzi tisa
wa stendi ambayo bado ni mchoro.
Posho ya kikao ilipanda, na vikao vikazaana:
kikao cha kuandaa kikao,
sambusa mbili kwa kila mjumbe.
Hakuna aliyeiba. Hilo liandike.
Kila senti ina hati, kila hati ina sahihi,
na nyingi ni zangu.

Kisha mawese yakashuka bandarini
na bei yetu ikadondoka
kama beseni kutoka kichwani.
Mama Mbeleje wa Sejeli
aliyaingiza magunia yake kumi na manne chumbani,
akatandika godoro juu yake.
Gunia linalolaliwa halikati ushuru.

Jibu lako liko hapa, kama unalitafuta:
bei ina miguu ya kupandia na ya kushukia.
Matumizi yana ya kupandia tu.
Fedha ilikuja, ikachonga kiti.
Fedha ikaondoka.
Kiti kikabaki, nacho kinataka mtu,
mtu anataka meza,
meza inataka feni,
feni inataka umeme wa Luku.

Nilijaribu. Niliandika pendekezo la kubana.
Kikao kiliitishwa kulijadili.
Kililipwa.
Tukakata kisichokuwa na mdomo:
dari ya zahanati ya Mbugani,
pampu ya kisima, chaki.
Nilifika pia kwenye jina la Chilewa, mlinzi,
ambaye mwanawe yuko kidato cha pili kwa mshahara huu.
Nililifuta kwa penseli,
nikalirudisha kwa kalamu.

Usidhani nasimama pembeni nikinyoosha kidole.
Mwaka ule nilinunua jokofu la milango miwili.
Leo lina chupa ya maji na nusu nyanya.
Linanguruma usiku kucha likipoza hewa,
na mke wangu ananiuliza kwa nini silizimi,
nami nageukia ukutani.

Mvua za kwanza zimenyesha. Watu wanapanda.
Mezani nina rasimu ya bajeti mpya,
na safu moja ilikuwa wazi: bei ya alizeti inayotarajiwa.
Nilimuuliza mwenyekiti niweke ipi.
Hakusita.
"Weka ile ya mwaka ule," alisema,
kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu
ambaye anaamini yuko safarini.

Nimeiweka.

Mhembano, H.
Mhasibu Msaidizi